Njia Zetu Katika Mwanzo wa Masika

Kila mwaka, mwezi wa Machi ufikapo katikati, wakazi wa kando ya ziwa huanza kutazama mawingu. Mkulima hutazama kwa sababu ya mbegu, na mvuvi kwa sababu ya upepo. Lakini karani aendaye kazini kwa baiskeli, mama apelekaye mboga sokoni Ahero, na mtoto wa shule ambaye kati ya nyumbani kwao na darasa lake pana kijito, hao hutazama kwa sababu ya njia. Waluo huyaita majira haya chwiri, na siku za kwanza za chwiri ndizo ambazo njia huwa mbaya kuliko siku zote nyingine za mwaka.

Huenda msomaji akauliza, Je, mvua kubwa si za Aprili na Mei? Ni kweli. Lakini ifikapo Mei watu wamekwisha kuijua njia. Wajua ni wapi pana shimo, ni wapi pametupwa mawe, na ni kivuko kipi cha kuepukwa. Majuma mawili matatu ya kwanza hayana ujuzi huo. Jana palikuwa na vumbi, leo pana utelezi, na mtu angali akienda kwa mwendo wake wa jana.

Tuanze na udongo wenyewe. Uwanda wa Kano umelala mashariki ya mji wa Kisumu, kati ya magenge ya Nandi upande wa kaskazini na miinuko ya Nyakach upande wa kusini, na sehemu kubwa ya ardhi yake ni ule udongo mweusi unaonata. Wakati wa kiangazi udongo huo hupasuka nyufa ambazo mtu aweza kutia mkono ndani yake. Mvua ya kwanza huingia katika nyufa hizo, udongo huvimba, nyufa hujifunga, na baada ya hapo maji hayana pa kushukia. Ndipo juu ya ardhi hufanyika tabaka jembamba lenye utelezi, hali chini yake bado ni pagumu, kama sabuni iliyopakwa juu ya jiwe. Siku chache baadaye hata ule ugumu wa chini hulegea, na mguu huzama mpaka kifundoni. Hizi ni taabu mbili mbalimbali, na aliyezoea ya pili aghalabu huanguka kwa ile ya kwanza.

Ukienda upande wa magharibi, huko Seme kwenye majabali kama yale ya Kit Mikayi, mambo ni mengine. Huko maji hayasimami bali hukimbia, nayo hukata njia katikati mpaka ikawa mfereji. Dawa ya Kano si dawa ya Seme, na nimewaona watu wakipoteza kazi ya siku nzima kwa sababu waliiga yaliyofanywa na jamaa zao wa ng'ambo ya pili.

Mwaka mmoja, mwezi wa Machi mwishoni, nilitoka barabara ya lami karibu na Ahero kwa baiskeli, nikashika njia ya miguu iendayo upande wa ziwa. Mvua ilikuwa imenyesha usiku mmoja tu. Jua lilikuwa likiwaka, na njia kwa mbali ilionekana imekauka. Sikufika mbali. Udongo ulijaa kati ya gurudumu na bamba la matope mpaka gurudumu likakataa kuzunguka. Nikachokoa kwa kijiti, nikaenda hatua ishirini, likakataa tena. Nikafanya kama wafanyavyo watu wote: nikaiacha njia, nikapita pembeni kwenye majani. Palikuwa na shamba la mahindi yaliyochipua juzi tu, nami nilijiambia kwamba gurudumu moja halidhuru.

Mzee mmoja alikuwa ameketi chini ya mti akinitazama. Hakupiga kelele. Aliniamkua, nikaitikia, kisha akasema, “Mwanangu, shamba hilo ni langu. Wewe ni wa kumi na sita tangu asubuhi.” Alikuwa amehesabu. Akanionyesha kwa fimbo yake mahali ambapo njia ilikuwa zamani: ng'ambo ya pili ya mtaro, hatua kama kumi kutoka pale tuliposimama. Kila masika watu walikimbia tope wakasogea kidogo, na kila kiangazi wakaendelea kufuata nyayo za masika. Njia ilikuwa imetembea kama nyoka mpaka ndani ya mahindi yake.

Aibu niliyoipata siku ile ndiyo iliyonifanya niulize watu wa sehemu ile jinsi njia inavyokufa na jinsi inavyotunzwa. Haya niandikayo nimeyapata kwao zaidi kuliko katika vitabu.

Njia hufa kwa maji, lakini anayeyaita maji ni mguu. Miguu mingi hukanyaga mahali pamoja, ardhi hushuka ikawa chini kuliko majani ya kando, na tangu hapo njia si njia tena bali ni mtaro. Mvua ya kwanza inyeshapo, maji ya mashamba yote ya jirani huingia humo. Apitaye hupita pembeni, pembeni napo hushuka, na mtaro hupanuka. Pikipiki za bodaboda zimeuharakisha mwendo huo. Jina hilo, kwa njia, lilianzia mpakani Busia, ambako vijana wa baiskeli walikuwa wakiwachukua watu kutoka boda moja mpaka boda ya pili. Sasa pikipiki hufika hata katika vijia ambavyo zamani ng'ombe walipita mmoja mmoja. Siwalaumu wenye pikipiki, kwa kuwa ndio wampelekao mgonjwa hospitali usiku. Lakini gurudumu linalozunguka mahali pamoja bila kwenda huchimba kwa dakika moja shimo ambalo miguu ingelichimba kwa mwezi.

Kwa hiyo kazi ya kutunza njia ni kazi ya kuyaondoa maji, na yafaa ifanywe kabla mvua haijaanza, au katika siku zake za kwanza, maji yenyewe yanapoonyesha yanakotaka kwenda. Wazee wa pale hungojea mvua ya kwanza kwa kusudi. Inyeshapo, mtu mmoja au wawili hutoka na jembe mvua ikali manyunyu, wakaifuata njia toka juu mpaka chini, wakitia alama kwa vijiti pale maji yaingiapo na pale yanapotuama. Kesho yake asubuhi majirani huja na majembe, masururu, sepetu na makarai. Hawachimbi kila mahali. Huchimba palipo na vijiti tu, nao huchimba mkondo wa kuyatoa maji kando, uliolala mshazari, si wa kukata njia kama msalaba. Mkondo uliokata njia moja kwa moja huvunja baiskeli, na baada ya siku mbili huwa umejaa udongo.

Katikati ya njia hutakiwa mgongo, ili maji yagawanyike huku na huku. Mgongo huo ukifanywa kwa udongo mweusi ni kazi bure. Lazima uletwe udongo wa maramu au kokoto, na katika Kano vitu hivyo viko mbali, huletwa kwa mikokoteni ya punda. Ndiyo sababu wengi siku hizi hujaribu magunia. Njia hii iliendelezwa na Profesa Makoto Kimura wa Chuo Kikuu cha Kyoto huko Japani, nayo huitwa do-nou. Gunia, hata lililokuwa la mbolea, hujazwa mchanga au changarawe, hufungwa mdomo, hulazwa katika shimo sambamba na wenzake, kisha hupondwa kwa kigogo chenye mpini mpaka yashikamane, na juu yake hutiwa udongo. Gunia huuzuia udongo ulio ndani usitawanyike pande zote gurudumu linapoukanyaga, na hapo ndipo penye nguvu yake. Vikundi vya vijana katika sehemu kadha za Kenya vimefundishwa kazi hii. Lakini jambo moja husahauliwa: magunia yakiachwa wazi juani huoza upesi, na vipande vyake huziba mikondo. Lazima yafunikwe.

Huko Seme, kwenye miteremko, gogo au mstari wa mawe huwekwa mshazari juu ya njia, nusu yake ikifukiwa, ili maji yakifika hapo yageuke yaende majanini. Majani ya kando yafyekwe, yasing'olewe. Mizizi yake ndiyo ishikayo kingo. Nimeona watu wenye bidii wakiparura kingo mpaka zikang'aa kama ua wa nyumba, na mvua tatu baadaye kingo zote zimelala ndani ya mtaro.

Hayo yote ni mepesi kuandika. Penye ugumu ni hapa: maji yakitolewa njiani, huenda wapi? Huenda katika shamba la mtu. Mzee yule wa mahindi aliniambia kwamba ugomvi mkubwa wa kijiji chao haukuwa juu ya uvivu bali juu ya mkondo mmoja. Walipouchimba, maji yalishuka yakaharibu mtama wa mjane mmoja, naye akauziba usiku. Wakauzibua, akauziba tena. Kila upande ulikuwa na haki yake. Mwisho walikubali kuuchimba mkondo huo mrefu zaidi, kupita mpakani mwa mashamba mawili mpaka kwenye kinamasi, na wale waliofaidi njia ndio waliochimba, pamoja na kumlipa mjane mtama wake kwa debe. Kazi ya nusu siku ikawa ya Jumamosi tatu. Tangu hapo hakuna aliyeuziba. Ningependa wale waandikao mipango ya njia wasikie habari ya debe hilo, maana katika mipango mingi niliyoisoma mjane hayumo.

Tena si kila mtu apendaye kusikia neno “kazi ya kujitolea,” na wana sababu. Zamani Waluo walikuwa na desturi ya saga, ambayo jirani huwaita jirani zake kulima shamba lake, naye huwapa chakula na kinywaji. Anayeitwa leo kesho ataita. Serikali ya kikoloni ilileta jambo lingine. Sheria ya mwaka 1912 iliwapa machifu uwezo wa kuwatoa watu kufanya kazi za mtaa bila ujira, na kutengeneza njia ilikuwa mojawapo. Mwezi wa Desemba 1921 watu walipokutana Lundha, huko Gem, katika mkutano uliozaa chama cha Young Kavirondo Association, ambacho wenyeji walikiita Piny Owacho, kazi za lazima zilikuwa miongoni mwa manung'uniko yao. Mwaka 1963 uhuru ulipokaribia Jomo Kenyatta aliwaita watu kwa neno Harambee, na shule nyingi na zahanati zilijengwa kwa moyo huo. Lakini baadaye palitokea mahali ambapo mchango wa hiari ulidaiwa kama kodi. Basi mtu akikunja uso aitwapo kwenda kuchimba mtaro, tusikimbilie kusema ni mvivu. Pengine babu yake alichimba kwa kuogopa kiboko.

Wengine husema, nao wana hoja, kwamba barabara ni kazi ya serikali. Katiba ya mwaka 2010 iliweka barabara za kaunti mikononi mwa serikali za kaunti, zilizoanza kazi mwaka 2013, na barabara kubwa zina mamlaka yake ya taifa. Lakini njia ya miguu itokayo nyuma ya nyumba ya mtu mpaka kisimani haimo katika ramani ya ofisi yo yote. Tingatinga halitafika huko, na likifika litaiharibu. Kwa maoni yangu watu wadai daraja na kalvati kwa nguvu zote, kwa kuwa hivyo ni vitu vya fedha na fundi, na wakati huo huo wasiingojee ofisi iwachimbie mkondo wa hatua tatu.

Kijiji kile kina utaratibu wake. Njia imegawanywa vipande, kila boma kipande chake, kuanzia mti fulani mpaka jiwe fulani. Asiyeweza, kwa ugonjwa au uzee, hupika uji. Afanyaye kazi mjini hupeleka pesa ya kokoto, na wengi hutumia simu kuipeleka. Wasiopeleka hawatozwi faini, ila majina ya waliopeleka husomwa mbele ya watu. Sikuona adhabu kali kuliko hiyo.

Hata njia ikitunzwa vizuri namna gani, ziko saa ambazo mtu hapaswi kuipita. Katika sehemu hizi za ziwa mvua ina saa zake. Mchana upepo hutoka ziwani kwenda bara, hukutana na pepo za mashariki karibu na milima, na mawingu hujikusanya juu ya Nandi, Kericho na Kano. Kwa hiyo ngurumo nyingi za nchi kavu hutokea alasiri na jioni. Usiku mambo hugeuka, dhoruba zikawa juu ya ziwa lenyewe, jambo ambalo wavuvi walijua kabla ya wataalamu wa hali ya hewa. Mwenye safari ya miguu basi aondoke alfajiri ili afike kabla ya saa nane.

Mawingu ya Nandi yana hatari nyingine. Mvua ikinyesha milimani, mito ya Kibos na Nyando na vijito vyake hujaa Kano hali jua lawaka Kano. Mtoto huvuka asubuhi maji yakiwa kwenye kifundo, na arudipo saa tisa maji yamefika kiunoni, wala hapakunyesha tone kijijini. Mwanzoni mwa masika jambo hili huwa baya zaidi, kwa sababu huko juu mashamba yamelimwa na hayajaota kitu, na maji hushuka bila kuzuiliwa, yakiwa na rangi ya chai ya maziwa. Maji yakigeuka rangi ghafula, au yakianza kuleta vijiti na majani makavu, mtu asiingie, hata kama yanaonekana machache. Maji ya magoti yaendayo kwa kasi humwangusha mtu mzima. Alazimikaye kuvuka ashike mti mrefu upande wa juu wa mkondo, alegeze mzigo mgongoni ili aweze kuutupa, wala asimfunge mtoto kwa kamba mwilini mwake. Na baiskeli haivushwi mabegani. Wengi wamefuata baiskeli.

Radi nayo isidharauliwe. Mtu aonapo umeme na ahesabu: kila sekunde tatu mpaka ngurumo ni kama kilomita moja. Zikiwa chini ya 30, radi iko karibu kiasi cha kumpiga, basi aingie katika nyumba imara au ndani ya gari lililofungwa. Mti ulio peke yake uwandani ndio mahali pabaya kupita pote, na ndipo watu wakimbiliapo kujikinga mvua. Jembe la begani na baiskeli viachwe mbali. Wakiwa wengi, watawanyike.

Juu ya nyoka sina mengi: tope likifurika mashimo yao hutoka, hupenda mahali palipoinuka, yaani pale pale tupitapo sisi, buti za mpira na tochi zatosha kuepusha mengi. Viboko ni habari nyingine. Kutoka Dunga mpaka midomo ya mito, hutoka majini usiku kula majani na hurejea kabla ya jua kupanda. Maji ya ziwa yalipopanda sana mwaka 2020, yakifunika fuo na vijia vya pwani, watu na viboko walijikuta wakitumia njia moja. Aendaye ufuoni alfajiri kungojea mashua ajue kwamba kiboko humshambulia amkatizaye kati yake na maji. Asimame upande wa bara, apige kelele kutoka mbali, ampe nafasi apite.

Mwaka uliofuata nilirudi kwa mzee yule, safari hii kwa miguu, katika juma la pili la mvua. Mahindi yake yalikuwa mazima. Njia ilikuwa imerudishwa ng'ambo ya mtaro, na mahali pa matope mabaya palilazwa magunia, yamefunikwa vizuri. Kwenye kivuko walikuwa wamesimika nguzo ya mti wa mjohoro, yenye mistari mitatu ya rangi: mweupe, wa manjano, na mwekundu. Maji yakifika manjano, watoto hawavuki bila mtu mzima; yakifika nyekundu, hakuna avukaye, hata awe chifu. Nilikuta vitoto vinne vya shule vimeketi ukingoni, viatu mikononi, vikitazama nguzo. Jua lilikuwa kali, na kijito kilionekana kwangu kuwa cha kawaida kabisa. Nikakunja suruali ili nivuke. Msichana mmoja, hakuzidi miaka tisa, aliniamkua kwa adabu kisha akanyosha kidole upande wa Nandi, ambako mbingu zilikuwa nyeusi.

“Bado, mzee,” akasema. “Keti kwanza.”

Nikaketi.